Hapana Kumi na Moja

Kama umekaa kwenye benchi la daktari wa meno, umeshika shavu, na mbele yako kuna mtu mwenye karatasi ya maswali, soma haya kabla jina lako halijaitwa. Mimi si mganga. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, wiki ile tuliyomzika mama, na kazi yangu ni kuuza viazi na vitunguu kwenye soko la Bulengera, hapa Butembo. Ninachokijua kuhusu ugonjwa wangu kinatosha ukurasa mmoja, na ukurasa huo uko kwenye mfuko wa plastiki ndani ya blauzi yangu. Nitaueleza mwishoni.

Naitwa Masika. Kwetu jina hilo hupewa msichana wa kwanza, kwa hiyo hata kabla hujaniona unajua ni nani hupika, ni nani hufua, na ni nani huulizwa kila kitu. Wadogo zangu ni wawili. Mumbere analima Kipese na ndiye anayeniletea viazi. Kavira, wa mwisho, anaishi nami na bado anasoma. Baba alienda shambani upande wa Mbau akiwa na panga na chupa ya maji, hakurudi. Mama alimfuata miezi mitatu baadaye, Beni, nyumbani, akiwa amejifungua mtoto aliyeishi siku mbili. Tuliambiwa ni malaria, na baadaye tukahamia hapa.

Jino la kwanza lilinianza wakati wa kuvuna maharage. Lilikuwa la nyuma, chini, upande wa kulia. Nilikaa nalo hadi maharage yalipoanikwa na kupurwa. Nilikuwa nanunua vidonge vya maumivu kwa kijana anayepita sokoni na kisanduku shingoni. Nilimeza viwili asubuhi, viwili mchana, na vingine vilikaa kwenye fundo la kitenge changu kama vile wengine wanavyofunga pesa. Kavira alinicheka.

"Yaya, mudomo yako iko mukate ya kuchoma upande moja."

Kwetu mkubwa wa nyumba anaitwa yaya. Kavira hunitania hivyo akiwa na hofu.

Jumamosi moja nilienda kwenye chumba cha meno mjini. Tulikuwa watu tisa kwenye benchi. Infirmière, yaani muuguzi, mama wa makamo aliyevaa miwani, alikuwa na karatasi iliyofunikwa plastiki na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Aliuliza kwa haraka, lakini aliuliza yote. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wengi wamekilaumu chumba kile mbele yangu.

"Uko na ugonjwa ya moyo?"

"Hapana."

"Sukari? Tension ya damu?"

"Hapana."

"Uko na mimba?"

"Hapana."

"Unakunywaka dawa yoyote?"

"Hapana," nikasema, na mkono wangu ulikuwa umeshika lile fundo lenye vidonge.

"Ukijikata, damu inakawia kusimama?"

"Hapana."

"Mu famille iko mutu alikufa na damu?"

"Hapana."

Maswali yalikuwa kumi na moja. Nilitoa hapana kumi na moja. Akatia sahihi, nikaingia, jino likatoka bila shida, nikaambiwa niume pamba kwa nusu saa.

Sikuwa nataka kumdanganya yule mama. Mara nyingi sikusubiri hata amalize swali. Mdomo wangu ulikuwa na kazi yake ya zamani, nao uliifanya.

Kazi hiyo nilijifunza Beni, miaka ya Ebola. Mtu asiyeishi kwetu wakati ule inambidi afikirie hivi: huwezi kwenda sokoni, kanisani wala shule bila kupita kwenye kizuizi. Kuna tenki la maji ya klore ya kunawa mikono, kuna mtu mwenye gileti, kile kizibao cha kazi, anayekuelekezea kifaa cha kupima joto kwenye paji la uso, halafu yanakuja maswali. Ulikuwa na homa? Ulitapika? Ulienda kwenye kilio? Unatoka damu? Anayejibu hapana anapita. Anayejibu ndiyo anawekwa kando, linakuja gari, na jirani zake wanaanza kuhesabu siku ishirini na moja. Wengine waliopelekwa walipona na kurudi, sasa najua hivyo. Lakini wakati ule tulichokiona ni gari likiondoka.

Watoto wa mtaa wetu waliufanya mchezo. Mmoja anakuwa daktari, ameshika kijiti, wengine wanapanga mstari. Anauliza haraka haraka na wewe unajibu hapana, aliyekawia anatolewa. Kavira alikuwa na miaka tisa na hakuna aliyemshinda. Alijibu hapana kabla swali halijatoka mdomoni mwa mwenzake.

Mimi nilikuwa mkubwa kwa mchezo, lakini mwaka ule ule nilianza kupata siku zangu, na zilikuwa siku kumi, wakati mwingine kumi na mbili, za vitambaa vilivyolowa hadi kwenye benchi la darasa. Swali la nne la pale kizuizini lilikuwa linanihusu kila mwezi. Nilimwambia mama. Alifunga mlango wa jikoni kwanza.

"Siye tuko vile," akasema. "Bibi yako alikuwa vile. Hapana ambia batu."

Sikuwaambia. Nilipofika kwa daktari wa meno, nilikuwa na zaidi ya miaka sita ya mazoezi.

Jumamosi ile nilirudi Bulengera kwa miguu. Nilipika. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimetema kwenye kikombe, kisha kwenye bakuli. Nilidhani ni mate tu yenye rangi. Jumapili, Kavira aliporudi kutoka misa ya pili, alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya mlango na beseni kati ya miguu. Alitazama ndani ya beseni. Hakutania.

Alienda barabarani kutafuta pikipiki. Motari wa kwanza alinitazama mdomo, akawasha mashine akaondoka. Wa pili pia. Wa tatu alikuwa jirani yetu. Alisema petroli imekwisha, na tulikuwa tumemwona akiitia asubuhi. Siwalaumu. Mtu anayetoka damu mdomoni, kwetu, bado ni mtu wa kuogopa. Wa nne alikuwa mzee mwenye koti la mvua. Alisimamisha pikipiki, akanitazama, akavua koti na kulitandika kwenye kiti.

"Panda, mwanangu."

"Papa, huogope?" Kavira akauliza.

"Ile kitu mimi nilishaipata nikapona. Niliingia kituo na miguu, nikatoka na miguu. Itaniogopesha na nini tena? Panda, lakini usiteme ku shingo yangu, hii shati ni ya Jumapili."

Sikuwahi kujua jina lake. Koti tulimrudishia likiwa limefuliwa, kupitia wenzake wa kituo cha pikipiki.

Kwenye lango la hospitali kulikuwa na meza, na nyuma ya meza kijana aliyevaa barakoa. Alisimama mbali kidogo na kuuliza.

"Uko na homa?"

"Hapana."

"Unatoka damu?"

"Hapana," nikasema, na neno lile lilipotoka, damu ilitoka nalo, ikashuka kidevuni hadi kwenye meza yake. Nyuma yangu nilimsikia Kavira naye akisema, "Hapana, hapana, yeye haiko na damu." Kijana yule alitazama meza yake, halafu sisi wawili. Nadhani ndipo nilipojiona kwa mara ya kwanza.

Walinipima Ebola, kama walivyotakiwa, nikakaa chumba cha peke yangu hadi jibu lilipotoka, halafu wakanipeleka upande wa kawaida. Nilipewa damu mifuko miwili. Wakati wangu wa hapo naukumbuka kwa mifuko ile. Kabla ya mfuko wa kwanza, viganja vyangu vilikuwa na rangi ya unga wa muhogo na nilisikia moyo wangu masikioni. Kati ya wa kwanza na wa pili, mama wa kitanda cha jirani alinilisha uji kwa kijiko, kidogo kidogo, upande wa kushoto, akinisimulia mbuzi wake mwizi tangu mwanzo hadi mwisho. Baada ya wa pili niliweza kusimama. Pale palipotoka jino walishona nyuzi tatu, na aliyeshona alikuwa daktari wa meno wa hospitali hiyo, Docteur Muhindo, mtu mrefu anayesema polepole.

"Masika, siku jino ingine ikikusumbua, usiende pahali pengine. Kuya hapa. Na ukikuya, nitakuuliza maswali. Utanijibu?"

"Ndiyo, docteur."

"Ile ndiyo ni ya kweli ao ni ya kutoka hospitali haraka?"

Nikavuta shuka hadi kidevuni. Alicheka peke yake akaenda.

Nywele zilinidondoka mbele wakati wa mvua zilizofuata. Nilipanda kilima cha kwetu kwa kupumzika mara tatu, mimi niliyekuwa nabeba mfuko wa viazi kichwani bila kusimama. Mumbere alishuka kutoka Kipese, akaniuzia viazi sokoni wiki nne, akaniambia ninauza kwa bei ya huruma. Tuligombana. Sokoni walisema nimelogwa, wengine walisema mambo mengine ambayo hayafai kuandikwa. Kavira alirudi kutoka shuleni akiwa na jeraha dogo la jiwe juu ya jicho kwa sababu ya mambo hayo. Naye pia, pale juu ya jicho, damu ilikawia kusimama. Niliona. Nikafua sare yake kabla jirani hawajaamka.

Kiangazi kilipofika, jino la pili lilianza. La nyuma, chini, kushoto, mwenzake wa lile la kwanza. Safari hii shavu lilivimba hadi jicho likawa dogo, nikawa siwezi kufungua mdomo kupitisha kidole. Nilienda kwa Docteur Muhindo siku ya pili. Alinipa dawa za kupunguza uvimbe, akafunga mlango, akachukua karatasi.

"Hii jino lazima itoke. Ikibaki, usaha itashuka ku shingo, na kule hatutaweza kuifata. Lakini nikiitoa bila kukujua, utakufa ku kiti yangu. Unaona vile tuko?"

Niliona. Nilikuwa na watu wawili nyumbani waliokwisha kumzika baba bila mwili, na mama haraka haraka. Sikutaka kuwa wa tatu wao.

Maswali yale kumi na moja alinirudishia yote. Nilijibu ndiyo kwa vidonge vya sokoni, na akaniambia vidonge vile ndivyo vilivyoisaidia damu isisimame. Nilijibu ndiyo kwa siku kumi na mbili za mwezi, nikitazama sakafu. Yeye aliandika tu, kana kwamba namwambia bei ya vitunguu, na hilo nalihesabu kati ya mema niliyotendewa. Kisha akafika kwenye lile la familia.

"Mama yako alikufa na nini?"

"Malaria."

"Nani alisema?"

"Bote banasema."

"Nani alikuwa ndani ya nyumba?"

Nikafikiri. Sisi watoto tulikuwa tumepelekwa kwa jirani. "Mama mudogo tu," nikasema. "Yuko Beni."

"Basi enda Beni. Damu yako nitaituma ku labo, kule banapimaka damu, Kampala, na mufanyabiashara mumoja ananipelekeaka vitu, lakini jibu itakawia, na shavu yako haitangojea. Dawa itakupa siku kumi, labda kumi na mbili. Mama yako mudogo ndiye labo yangu ya karibu. Muulize kama mama alitoka damu. Muulize kama yeye mwenyewe alishatoa jino."

Nilipanda taxi ya Beni siku iliyofuata, nimefunga kichwa na kitambaa hadi kidevuni. Barabarani wanajeshi walitushusha mara mbili. Kwenye kizuizi cha pili askari mmoja aliniangalia shavu akacheka, akaniita mama yake kwa Lingala.

"Mama na ngai, hiyo kiazi ndani ya mudomo, unaifichia nani?"

"Ni ya Kipese," nikamjibu. "Ukiitaka, uje na koleo."

Watu wakacheka kwenye gari. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa siku nyingi na iliniumiza hadi sikioni.

Mama Mudogo Kahindo, mdogo wa mama yangu, anaishi katika nyumba ile ile mama alimofia. Nilimkuta amekaa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo. Tulisalimiana, akaniletea maji, akaniuliza habari za wadogo zangu mmoja mmoja. Nilipomaliza kujibu, nilimwambia nilichokuja kutafuta.

"Mama yenu alikufa na malaria," akasema, bila kuinua macho.

"Docteur anasema hawezi kunitoa jino kama hajue."

"Docteur yako anataka kufanya nini na dada yangu? Amuache. Amelala."

"Mama Mudogo, angalia hii shavu."

"Ninaiona. Kuna mizizi ya kuweka."

"Niliweka."

"Basi ongeza."

Aliendelea na maharage. Mabovu kushoto, mazima kulia. Nilikaa. Ndiyo kazi ninayoijua vizuri, kukaa. Nimekaa sokoni mvua nzima kwa ajili ya mteja mmoja. Jua lilitoka kwenye mlango likafika kwenye miguu yetu. Jirani alipita akasalimu, akapita tena akasalimu tena. Kisha Mama Mudogo aliweka ungo chini, akaingiza kidole kwenye pembe ya mdomo wake na kuvuta shavu.

"Angalia," akasema.

Kulikuwa na pengo moja nyuma, la zamani, fizi imekuwa laini.

"Nilikuwa na miaka kumi na nane. Mbau, kwa infirmier moja. Siku nne, Masika. Baliniwekea majani, baliniwekea chumvi, baliniombea. Siku ya tano ikasimama yenyewe. Tangu siku ile meno yangu yanaoza mwenyewe yanaanguka, mimi hapana rudi kwa mutu."

"Na mama?"

Alitazama mlango. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia ya kwenda mahali.

"Mutoto alitoka saa mbili asubuhi. Damu haikusimama. Saa nne, bale ba équipe ya Ebola bakapita nyumba na nyumba, batatu, na magileti. Mumoja akasimama pale unaikaa. Akauliza, mama, mu nyumba iko mutu anatoka damu? Dada alikuwa nyuma ya rideau, ile pazia ya kitanda. Tulikuwa tunaonana. Akanifanyia hivi."

Akaweka kidole kwenye midomo.

"Nikasema hapana. Akauliza mara ya pili, alikuwa mutoto mupole tu, nikasema hapana, watu wote hapa bazima. Bakaandika ku mulango na chaki, bakaenda. Saa saba mama yako alikwisha."

Hakulia, wala mimi. Alichukua ungo akaanza tena. Akiwa bado anachambua aliuliza, "Ningesema ndiyo, bangemubeba. Bangemubeba kwa bale ba Ebola. Ni vile ao si vile?"

"Sijui, Mama Mudogo."

Sijui hadi leo. Nimemuuliza Docteur Muhindo, naye alisema hajui. Kwa wasomaji wanaotaka nimhukumu mama yangu mdogo, sina la kuwapa. Nilichomfanyia ni kumsaidia kumaliza maharage, na nilipoondoka alinifungia kilo mbili, akasema nimwambie daktari wangu kwamba bibi pia, na dada wa bibi pia, wote walikufa na damu kwa uzazi. Alikuwa amewahesabu siku zote hizo.

Nilirudi na majina manne. Docteur Muhindo aliyaandika yote, akapiga mstari chini yake.

Alichagua Jumanne asubuhi. Alinieleza kwa nini: Jumanne labo iko wazi, watu wote wako kazini, na kesho yake bado ni siku ya kazi. Jino la mtu kama mimi halitolewi Ijumaa. Siku moja kabla nilianza vidonge vya kuisaidia damu ishike, na vingine vilisagwa kwenye maji ya kusukutua mdomo. Ladha yake ni ya chaki. Waimbaji wawili wa kwaya yetu, ambao damu yao ilipatana na yangu, walikaa kwenye benchi la nje tangu saa moja. Kavira alikaa kati yao, mikono chini ya mapaja.

Jino lilitoka kwa muda mfupi kuliko lile la kwanza. Docteur alijaza shimo na kitu kama sifongo, akashona nyuzi mbili, akaniambia niume pamba, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: alivuta kiti akakaa karibu yangu na kusoma gazeti la zamani. Kila baada ya robo saa alitazama pamba. Ya kwanza ilikuwa nyekundu. Ya pili ilikuwa nyekundu. Nilimtazama usoni, akageuza ukurasa wa gazeti. Ya tatu ilikuwa ya waridi. Ya nne ilikuwa na mate tu, na alama moja ndogo kama ya kalamu. Akakunja gazeti.

"Imesimama," akasema.

Nilisikia sauti ya mwimbaji mmoja nje, "Basi mimi nimekuya bure? Ile soda banapatiaka mwenye kutoa damu, nitaipata ao hapana?" Infirmière alimpa.

Nilibaki siku tatu kwa kuangaliwa. Kila siku nilisukutua yale maji ya chaki mara nne, nikala ndizi zilizopondwa na uji wa baridi. Kavira alikuja baada ya shule. Alikaa na kusoma daftari lake kwa sauti. Jibu la Kampala lilifika wiki tatu baadaye, na lilisema kile ambacho Mama Mudogo alikuwa amekisema kwenye ungo wa maharage, kwa maneno marefu zaidi: damu ya ukoo wetu hukawia kuganda. Docteur aliandika ukurasa mmoja kwa mkono wake mwenyewe: jina langu, damu yangu ilivyo, dawa nisizopaswa kumeza, na la kufanya nikijikata, nikijifungua au nikitoa jino. Huo ndio ukurasa ulio ndani ya blauzi. Siku moja naweza kufika mahali nikiwa siwezi kusema, nao utasema badala yangu.

Mumbere alipimwa. Yeye hana. Alikasirika kidogo, kama aliyeachwa nje ya jambo la familia.

Kavira hakutaka kupimwa. Alisema yeye ni mzima. Nilimkumbusha jicho lake, akasema lilikuwa jiwe kubwa. Nilimkumbusha pua yake inavyomtoka damu darasani, akasema ni jua. Sikumlazimisha, nilisubiri. Mvua za Septemba zilipoanza, aliamka asubuhi moja ameshika shavu, na nilimpeleka kwa Docteur Muhindo kwa miguu, tukikwepa tope.

Benchi lilikuwa lile lile. Alipoitwa niliingia naye. Infirmière wa hospitali, msichana wa umri wangu, aliniomba nisimjibie: mgonjwa hujibu mwenyewe, ndiyo kanuni yao. Nikaahidi. Nikakaa nyuma, karibu na mlango.

"Uko na ugonjwa ya moyo?"

"Hapana," akasema Kavira.

"Unakunywaka dawa..."

"Hapana."

"Damu inakutokaka mu pua, ao ukijikata..."

"Hapana."

Alikuwa haraka kama zamani. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, kama mtoto aliye mbele ya mstari. Kalamu iliandika mara tatu. Niliuma ulimi. Niliushika ule ukurasa ndani ya blauzi na sikuutoa.

"Mu famille iko mutu alikufa na damu?"

Kavira alifungua mdomo. Akaufunga. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, na mtu kwenye benchi alikuwa anamwita mtoto wake. Aligeuka akanitazama, kisha akavuta kiti chake mbele hadi magoti yakagusa meza.

"Madame," akasema. "Zile hapana tatu za kwanza, zifute."

Infirmière akainua macho. "Nizifute?"

"Ndiyo."

Yule infirmière akageuza karatasi upande mweupe, akaanza tena tangu swali la kwanza.